Kabla hujachagua mshindi wa mbio za baiskeli, soma barabara kwanza

Uliza vijana wa Burat nani atachukua ligi ya Uingereza msimu huu. Utapata majibu matano na ugomvi mmoja. Kisha uliza nani atashinda Paris–Roubaix mwezi wa Aprili, uone jinsi base nzima inavyonyamaza.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaijua baiskeli kuliko tunavyoujua mpira wa Ulaya. Kuna aliyekua akibeba mitungi ya maji kwenye black mamba ya babake. Kuna anayetoa nyanya na vitunguu kwenye mashamba ya Mto Isiolo hadi sokoni mjini. Na kuna yule ambaye kila asubuhi anapigana na upepo hadi macho yanatoa machozi, halafu jioni anakuja kukuambia kwamba Isiolo hakuna lolote la kujifunza.

Basi sikiliza. Wiki chache zijazo ndizo wiki tamu zaidi kwenye mbio za baiskeli duniani. Ni zile mbio za siku moja za majira ya machipuko huko Ulaya. Milan–Sanremo ni Machi 21. Ronde van Vlaanderen, yaani mbio kuu za Flanders kule Ubelgiji, ni Aprili 5. Paris–Roubaix ni Aprili 12, na Liège–Bastogne–Liège ni Aprili 26. Si kama Tour de France ambapo watu wanasafiri wiki tatu na mwenye kuteleza leo anaweza kurekebisha kesho. Hapa ni asubuhi hadi jioni, kilomita 250 au zaidi, na mambo yamekwisha.

Najua pia kwamba baadhi yenu mmeziona mbio hizi chini kabisa kwenye app ya kubeti, mkaona jina moja lenye odds ndogo, mkafikiri ni pesa ya bure. Hapo ndipo ninapotaka tuongee. Anayechagua jina tu huwa anaachwa na mbio hizi. Barabara, upepo na timu ndivyo vinavyoamua, na vitu hivyo vinasomeka. Wewe wa Burat unaweza kuvisoma kuliko mtu aliyezaliwa ghorofani.

MTU MMOJA, MBIO SABA

Tuanze na huyo mwenye odds ndogo: Tadej Pogačar wa Slovenia. Ndiye mwendesha baiskeli bora zaidi duniani kwa sasa, na hapo hakuna mjadala. Machipuko ya 2025 aliingia mbio saba kubwa za siku moja. Strade Bianche, wa kwanza. Milan–Sanremo, wa tatu. Flanders, wa kwanza. Paris–Roubaix, wa pili. Amstel Gold Race, wa pili. Flèche Wallonne, wa kwanza. Liège–Bastogne–Liège, wa kwanza.

Angalia hapo. Mbio saba, na mara zote saba alikuwa katika tatu bora. Hakuna kocha wa mpira ambaye hangetaka matokeo kama hayo. Lakini kati ya hizo saba alishindwa tatu, na ukitazama vizuri utaona kila moja ilikuwa na sababu yake. Hakuna hata moja ambayo miguu yake ilikuwa mibaya.

Milan–Sanremo ilimshinda kwa sababu ya barabara yenyewe. Mbio hizo ni ndefu kuliko zote, karibu kilomita 290, lakini vilima vyake vya mwisho ni vya upole. Kuna Cipressa, kilomita 5.6, na kuna Poggio, kilomita 3.7 ambazo mwinuko wake wa wastani haufiki asilimia nne. Kilele cha Poggio kiko chini ya kilomita sita kutoka kwenye utepe. Pogačar alishambulia kwenye Cipressa, watu wakatawanyika kama mbuzi walioona fisi, ila wawili wakakataa kuachwa: Mathieu van der Poel wa Uholanzi na Filippo Ganna wa Italia. Kilima hakikuwa kikali vya kutosha kuwavunja. Wakafika mwisho pamoja, na kwenye sprinti Van der Poel ana kasi zaidi. Akashinda. Ganna wa pili, Pogačar wa tatu.

Paris–Roubaix ilimshinda kwa kona moja. Njia ile ina zaidi ya kilomita 50 za barabara za mawe, mawe ya shambani yenye ncha na matope, yanayotikisa baiskeli hadi mikono inakufa ganzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Pogačar kushiriki. Walipobaki yeye na Van der Poel mbele, zikiwa zimebaki kilomita kama 38, aliingia kona kwa kasi kupita kiasi na kuanguka. Van der Poel akaenda zake. Baadaye hata Van der Poel alipata pancha, lakini alikuwa na nafasi ya kutosha kubadilisha baiskeli na bado ashinde kwa mara ya tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025.

Amstel ilimshinda kwa tamaa ya mapema. Alichomoka akaenda peke yake zaidi ya kilomita 40 kabla ya mwisho. Nyuma yake Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Mattias Skjelmose wa Denmark wakashirikiana, mmoja akikata upepo, mwingine akipumzika, kisha wanabadilishana. Walimfikia zikiwa zimebaki kilomita kama nane. Kwenye sprinti ya watatu, Skjelmose, ambaye wabashiri wengi hawakumpa nafasi, aliwapita kwa upana wa tairi.

Mambo matatu tofauti, basi: kilima chepesi, kona mbaya, na wawili dhidi ya mmoja. Ukiweza kuona mambo hayo kabla ya mbio, tayari umemzidi yule anayebeti kwa jina.

UPEPO: SOMO LA BARABARA YA ARCHER'S POST

Hapa sasa ndipo watu wa Isiolo tuna faida. Chukua baiskeli, toka mjini uelekee Ngaremara na Archer's Post. Barabara ya Moyale ni lami safi, imenyooka, na pande zote mbili hakuna kitu cha kukukinga isipokuwa miti michache ya miiba. Upepo ukikupiga ubavuni unajua mwenyewe kinachofuata. Unapinda baiskeli kama mtu anayesukuma mlango. Lori likipita, upepo unakatika kwa sekunde mbili, kisha unakurudia kwa nguvu hadi unayumba. Kaskazini yetu ina upepo usio wa mchezo. Kule Loiyangalani, Marsabit, wameweka mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na hawakuiweka kwa mapambo.

Mwendesha baiskeli akienda kasi kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake inaishia kusukuma hewa. Anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu hizo. Ndiyo maana watu 170 wanaweza kukaa pamoja saa nne bila kuachana, hata kama baadhi yao ni dhaifu.

Upepo ukitoka ubavuni, hesabu inabadilika. Kivuli cha upepo hakiko tena nyuma moja kwa moja, kiko nyuma kwa pembeni. Kwa hiyo watu wanajipanga mshazari, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Tatizo ni kwamba barabara ina upana wake. Kama nafasi inatosha watu 15, huyo wa 16 anabaki ukingoni bila kinga, anateseka kilomita mbili, kisha anaachia. Anayemfuata naye anaachia. Ndani ya dakika chache kundi moja limekuwa makundi manne, na mtu mwenye nguvu kuliko wote anaweza kujikuta kwenye kundi la tatu kwa sababu tu alikuwa amelala nyuma akinywa maji.

Kwa hiyo, siku ya mbio za Flanders au zile za kuelekea Wevelgem, ambazo mwaka huu ni Machi 29, jambo la kwanza la kutazama asubuhi ni hali ya hewa ya pwani ya Ubelgiji. Upepo ukiwa mkali na unapiga ubavuni, punguza imani yako kwa wapanda milima na uwape wale wakubwa wa mwili, waliozoea kupigania nafasi. Upepo ukitulia, kundi litakaa zima hadi vilima.

Na vilima navyo tunavijua. Geuza baiskeli, elekea upande wa Subuiga na Timau. Kutoka Isiolo mjini hadi Timau unapanda zaidi ya mita 1,000, taratibu, bila kupumzika. Huko upepo hauna kazi kubwa kwa sababu kasi imeshuka. Kule kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Ndiyo tofauti kati ya Roubaix, ambayo haina mlima hata mmoja, na Liège, ambayo ni kupanda na kushuka siku nzima. Mtu anayekushinda ukielekea Archer's Post si lazima akushinde ukielekea Timau. Ukishaelewa hilo, utaacha kuuliza "nani bora?" na utaanza kuuliza "bora wapi?"

WATATU DHIDI YA MMOJA, NA BADO WAKAPOTEZA

Sasa tuje kwa timu. Aprili 2, 2025 kulikuwa na mbio za Dwars door Vlaanderen, siku nne kabla ya Flanders. Mbele walibaki watu wanne. Watatu walikuwa wa timu moja, Visma–Lease a Bike: Wout van Aert, Matteo Jorgenson na Tiesj Benoot. Wa nne alikuwa Neilson Powless, Mmarekani, peke yake.

Ungekuwa wewe nahodha wa Visma ungefanya nini? Jibu la kitabuni ni rahisi. Mmoja anashambulia, Powless anamfuata. Akimfikia, wa pili anashambulia. Akimfikia tena, wa tatu anaondoka. Hakuna binadamu anayeweza kuwafukuza watatu kwa zamu. Ni kama mbwa mmoja kuambiwa achunge milango mitatu.

Hawakufanya hivyo. Waliamua kumsukuma Van Aert hadi mwisho ili ashinde kwa sprinti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jina na alikuwa na kiu ya ushindi. Powless akakaa nyuma yao, akila kivuli cha bure. Mita za mwisho Van Aert akakosa miguu, Powless akampita. Van Aert mwenyewe alikubali baadaye kwamba alitaka iwe siku yake.

Kuna watu wanaosema Visma hawakukosea, kwamba ukiwa na mwenye kasi kuliko wote unamwamini. Nawaelewa. Mara nyingi ingefaulu. Lakini baada ya saa nyingi za mbio, kasi ya mtu si ile ya kwenye karatasi, na ukiwa na karata tatu mkononi hakuna sababu ya kucheza moja.

Mfano wa pili uko karibu na nyumbani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, kule Kigali. Mbio za wanawake, Septemba 27, zilikuwa na majina makubwa: Demi Vollering, Pauline Ferrand-Prévot, Marlen Reusser na wengine. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Mmoja akisogea, wote wanamfuata. Akitulia, wote wanatulia na kutazamana. Wakati wakitazamana hivyo, wachache wasioogopwa walikuwa mbele, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akaenda na taji la dunia.

Kesho yake kwa wanaume hadithi ikawa kinyume. Pogačar alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akamaliza peke yake. Kati ya walioanza, ni 30 tu waliofika mwisho. Njia ilikuwa kilomita 267.5 na zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Kwenye barabara ngumu kiasi hicho, ujanja wa timu unapungua thamani na miguu inaongea. Jirani zetu wa Kigali walikuwa kando ya barabara wakiona yote kwa macho yao.

Somo la hapo: barabara ikiwa ngumu sana, mpe mwenye nguvu. Barabara ikiwa ya wastani, hesabu timu na tafuta mtu ambaye wakubwa hawatamfukuza.

WAAFRIKA WAWILI WALIOSOMA BARABARA

Machi 27, 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem akiwa na miaka 21. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda mbio kubwa za aina ile. Alifika mwisho na watu wengine watatu, na wote walikuwa wakisubiriana. Girmay hakusubiri. Alianza sprinti yake mbali, akiwa karibu mita 250 kutoka kwenye utepe, wenzake wakiwa bado wanatazamana. Walipoamka, hawakuweza kumfikia. Miaka miwili baadaye, 2024, alishinda hatua tatu za Tour de France na kubeba jezi ya kijani.

Aprili 27, 2025, Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake. Ni Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya zile mbio tano kongwe wanazoziita minara. Naye alifika mwisho na kundi dogo lenye Vollering ndani yake, akatulia, akachagua wakati wake.

Mimi nawataja hawa kwa sababu hawakushinda kwa mapafu peke yake. Walishinda kwa kujua wakati. Na wakati hufundishwa na mbio nyingi. Eritrea ina utamaduni wa baiskeli tangu enzi za Waitalia, na Asmara mashindano ni jambo la kawaida mitaani. Girmay alipita pia kwenye kituo cha mafunzo cha shirikisho la dunia kule Aigle, Uswisi. Alipofika Gent–Wevelgem alikuwa ameshakaa ndani ya makundi yanayogombania nafasi mara nyingi mno.

Sisi Wakenya tunapenda kusema tuna mapafu ya Eliud Kipchoge, kwa hiyo baiskeli itakuja yenyewe. Haitakuja yenyewe. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne kwa bendera ya Uingereza. Marehemu Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret, alimaliza wa tatu katika Tour of Rwanda mwaka wa 2017. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Uwezo upo. Kinachokosekana ni siku za mbio, kwa sababu mkimbiaji anaweza kujifunza peke yake na saa mkononi, lakini kupigania gurudumu huwezi kujifunza ukiwa peke yako.

UTABIRI WANGU

Haya, umenisikiliza vya kutosha. Nitaje watu.

Milan–Sanremo: Van der Poel. Amewahi kuishinda 2023 na 2025. Pogačar ataishambulia Cipressa tena, hilo naliona kama kesho. Swali ni kama timu yake itaingia pale kwa kasi ya kutosha kuwachosha wengine kabla yeye hajaondoka. Isipofanya hivyo, Poggio peke yake haitoshi. Nampa Van der Poel nafasi nne kati ya kumi, Pogačar tatu, na tatu zilizobaki ni za wengine wote.

Flanders: Pogačar. Alishinda 2023 na 2025. Kilima cha Oude Kwaremont, kilomita 2.2 ambazo sehemu kubwa yake ni mawe, ndicho alichokitumia mwaka jana, zikiwa zimebaki kilomita kama 18. Kilima kirefu cha mawe ni silaha yake. Tano kati ya kumi. Van der Poel, ambaye ameishinda mara tatu, na Mads Pedersen wa Denmark, aliyekuwa wa pili mwaka jana, hawawezi kupuuzwa.

Paris–Roubaix: Van der Poel tena, lakini kwa sauti ya chini. Ni mbio ambazo pancha moja inaweza kukutoa. Hata bingwa mara tatu simpi zaidi ya nne kati ya kumi. Pogačar sasa anayajua mawe yale, na Van Aert bado anaidai Roubaix.

Liège–Bastogne–Liège: Pogačar, sita kati ya kumi. Ameshinda 2021, 2024 na 2025. Evenepoel, aliyeshinda 2022 na 2023, sasa yuko Red Bull–Bora–Hansgrohe na ndiye pekee ninayeona anaweza kumfanya asilale vizuri.

Kwa wanawake, Liège namweka Le Court katika tatu bora. Safari hii hatakuwa mgeni. Wakubwa watamfuata kila anaposogea, na hilo ndilo litakalofanya kazi yake iwe ngumu zaidi.

KABLA HUJAWEKA MKEKA

Sasa tupige hesabu ya pesa, maana najua kuna mtu ameruka kila kitu akaja hapa.

Tuseme kwamba machipuko ya 2025 uliweka Sh100 kwa Pogačar kwenye kila moja ya zile mbio saba, kwa odds za 1.50. Umetoa Sh700. Ameshinda nne. Kila ushindi unakurudishia Sh150, kwa hiyo jumla umepata Sh600. Umepoteza Sh100, katika mojawapo ya misimu bora ambayo mwendesha baiskeli yeyote amewahi kuwa nayo. Ili odds za 1.50 zikulipe, mtu wako lazima ashinde zaidi ya mara mbili kati ya tatu. Pogačar hakufika hapo.

Na kama ulikuwa umeunganisha zote saba kwenye mkeka mmoja, mkeka ulichanika Machi 22 pale Sanremo, na zile mbio tano zilizofuata hukuwa hata na sababu ya kuzitazama.

Anayekuuzia odds anajua haya yote. Mbio za siku moja zina watu kama 170, kila mmoja na tairi zinazoweza kutoboka, na faida ya kampuni imeshawekwa ndani ya bei. Kwa hiyo ukitaka kubishana, bishana. Ukitaka kutabiri, tabiri na uandike kwenye karatasi, mwenye alama nyingi anunuliwe chai na chapati. Pesa ya kurekebisha breki au ya fee ya mdogo wako iache mfukoni. Ujuzi wa kusoma mbio una kazi bora kuliko hiyo.

BURAT INAHITAJI MBIO, HAIHITAJI MUUJIZA

Kazi yenyewe ni hii. Isiolo ina barabara mbili ambazo makocha wa Ulaya wangezililia: moja tambarare yenye upepo kuelekea kaskazini, nyingine ya kupanda kuelekea mlima Kenya. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na Timau juu yake kuna hewa nyembamba ya kutosha kwa mazoezi. Jirani yetu Lewa walianzisha marathon mwaka wa 2000, na kila Juni watu wanatoka nchi za mbali kuja kukimbia kwenye vumbi letu. Hakuna aliyesema kwamba Isiolo ni mbali mno.

Baiskeli inahitaji nini? Si uwanja. Inahitaji asubuhi moja ya Jumapili kwa mwezi, kipande cha barabara kilichofungwa kwa saa mbili, askari wa trafiki kwenye makutano, ambulensi, na helmeti kichwani kwa kila mtu. Helmeti hiyo si mapambo. Malori ya Moyale hayachezi. Black mamba ziwe na mbio zao na baiskeli za giya zao. Wasichana wawe na mbio zao kamili, si kilomita mbili za kupigwa picha na viongozi. Kaunti inaweza. Wafanyabiashara wa mjini wanaweza. Hata vijana wa Burat wenyewe wanaweza kuanza na njia za ndani upande wa LMD, ambako magari ni machache.

Hatutapata bingwa mwaka wa kwanza, na pengine hatutampata mwaka wa tano. Tutakachopata haraka ni watu wanaojua kukaa kwenye kundi, wanaojua upepo uko wapi, na wanaojua kwamba mwenye nguvu anaweza kushindwa na mwenye subira. Bila watu kama hao, kila Mkenya mwenye mapafu atakayepelekwa Ulaya atabaki yule wa 16 ukingoni mwa barabara, asiye na kinga.

Wakati tunasubiri kaunti, anza na hili. Jumamosi ya Machi 21, tafuta bando au tafuta rafiki mwenye bando. Huna haja ya kutazama saa sita zote. Ingia jioni wanapokaribia Cipressa, na usimtafute Pogačar kwanza. Hesabu ni wangapi wa jezi yake wako mbele yake. Wakiwa watatu au wanne na wanavuta kwa nguvu, utabiri wangu uko matatani. Akiwa na mmoja tu, mwambie yule mbishi wa base aanze kuchemsha chai.